Kiapo Alichokivunja Bang So-dam

Hapa mjini Sangju watu humtambua Bang So-dam kwa kicheko kabla hawajamwona. Akicheka sokoni, wauza samaki wa upande wa pili hugeuza shingo. Alikuwa hivyo tangu utotoni: mashavu manene, maneno hayamkauki, na darasani yuko mkiani. Mama yake aliondoka nyumbani yeye akiwa hajajua kutembea vizuri, akaolewa kwingine, asirudi tena. So-dam akalelewa na baba yake, mkulima wa gam, matunda matamu tunayoyamenya na kuyatundika yakauke, na bibi yake mzaa baba, ambaye mgongo ulikuwa umepinda lakini ulimi haujapinda hata kidogo. "Huyu mtoto," bibi alizoea kusema, "alipewa sauti wakasahau kumwekea pa kuizimia."

Mimi nina mgahawa wa tambi karibu na sekondari ya wasichana, na So-dam alikuwa mteja wangu wa kila siku. Lakini kujua mtu anakula nini si kumjua mtu. Nilimjua hasa mwaka ule aliposhikamana na Hae-in, binti wa dada yangu.

Dada yangu Myeong-ok ana duka la dawa. Mumewe, shemeji Sang-gil, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha chuma huko Pohang, anarudi mwisho wa mwezi, analala, anaondoka. Mtoto wao mmoja tu, Tak Hae-in, alikuwa mtulivu, mwenye mwandiko mzuri, wa kwanza darasani kila muhula. Akitoka shule anakwenda tuisheni ya hesabu, kisha tuisheni ya Kiingereza. Dada akimwongelea mbele ya wateja wake, shingo ilikuwa inarefuka.

Kidato cha pili cha sekondari ya juu mambo yakaharibika. Hae-in alikuwa na marafiki watatu wa kufa na kuzikana, au ndivyo alivyodhani. Mwalimu alipomuuliza nani aliyenakili kazi ya mwenzake, akasema kweli, kwamba ni mmoja wao. Kesho yake akatolewa kwenye kundi lao la simu. Akikaa mezani bwaloni, wao wanainuka na sahani zao. Wasichana wengine, kwa kuogopa nao kuachwa, wakajifanya hawamwoni. Akaacha kwenda bwaloni kabisa. Muhula ule akashika nafasi ya nne.

Dada yangu hakumpiga wala kumgombeza. Alimenya pea, akalikata vipande, akaweka sahani juu ya meza ya kusomea, akatoka na kufunga mlango taratibu. Akakaa wiki nzima hamsemeshi ila mambo ya lazima.

"Mama mdogo," Hae-in aliniambia miaka mingi baadaye, "bora angenizaba kofi. Ule mlango ulivyofungwa polepole, nilijua nimekwisha."

So-dam alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma ya chumba cha muziki, saa ya chakula cha mchana, magoti ameyakumbatia. Hawakuwa marafiki. Walikuwa hawajawahi hata kusemezana vizuri.

"We, kumbe siku hizi raha ziko huku?"

"Niache."

"Nimekuacha. Nimekaa tu. Ngazi ni za serikali hizi." Akafungua mkate wake wa maharage matamu, akaugawa, nusu akaiweka kwenye goti la Hae-in. "Kula. Nikila mwenyewe nitanenepa, bibi atanitukana."

"Ushanenepa tayari."

"Ehee! Kumbe una mdomo! Nilidhani umeuacha tuisheni."

Hae-in alicheka, na akashangaa mwenyewe kwamba amecheka. Tangu siku ile So-dam alikuwa anamfuata. Akamrudisha bwaloni kwa kumshika mkono, akamkalisha, na wale watatu walipoanza kunong'ona, akaongea kwa sauti hadi mpishi akachungulia: "Jamani, supu ya leo ina chumvi, au ni macho ya watu yanadondokea ndani?" Siku za Jumamosi akawa anamchukua shambani kwao kutundika gam. Hae-in alikuwa mtoto wa duka, hajui kazi ya mikono. Bibi alimcheka, akamfundisha kulishika tunda kwa kikonyo chake, akamjaza wali bakulini bila kumuuliza anashika nafasi ya ngapi.

Niseme hapa: rafiki mmoja hakutosha. So-dam alikuwa naye mchana, lakini nyumbani Hae-in alirudi kwenye ule ukimya. Na mwezi wa kumi na moja ulikaribia, wakubwa wao wakijiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu, mji mzima ukitembea kwa kunyata kana kwamba pana mgonjwa. Mwaka unaofuata ingekuwa zamu yao.

Siku moja ya vuli, hewa kavu, gam zimening'inia bandani kama shanga za rangi ya machungwa, Hae-in alivua spika zake za masikioni akampa So-dam.

"Chukua. Zako."

"Hizi? Si ulimlilia baba yako mwaka mzima akununulie?"

"Sizihitaji tena." Na alisema hivyo anatabasamu, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

So-dam aliacha kutundika. Baadaye alinieleza kwamba hakuna kilichomtisha kama lile tabasamu. Kwa miezi alikuwa amemwona Hae-in amenuna, amelia, amekasirika, na yote hayo aliyazoea. Utulivu ule wa ghafla hakuujua.

"Una nini wewe?"

"Niapie kwanza hutamwambia mtu. Mtu yeyote."

So-dam akadhani labda kuna mvulana. "Naapa kwa bibi yangu," akasema haraka, kama tunavyoapa watu wote bila kufikiri.

Ndipo Hae-in akamwambia kwamba amechoka kuishi na ameshaamua.

Mtoto wa miaka kumi na saba unamtegemea afanye nini? Wengine wangesema "usiseme hivyo," wakabadilisha mazungumzo. Wengine wangelia. So-dam, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa mzaha, akauliza waziwazi: "Unasema kufa? Kufa kabisa?"

"Ndiyo."

"Leo?"

"Sijui."

"Basi twende tukale." Akamshika mkono. Akampigia baba yake kelele kwamba anakwenda mjini, wala hakusubiri jibu. Hakuuachia ule mkono njia nzima. Hae-in alifuata. Aliniambia hakuwa na nguvu za kukataa, na tena mkono wa So-dam ulikuwa wa moto.

Waliingia kwangu saa ambayo wateja wa mchana wameshaondoka na wa jioni hawajaja. Nikawapikia tambi za supu ya dagaa. So-dam hakugusa zake, na hilo peke yake lilinifanya niache kufuta meza. Alikuwa anamtazama Hae-in, jasho linamtoka.

"Hae-in, nilikuapia," akasema. "Sasa nakivunja kiapo. Nakivunja hapa hapa, unaniona, sikuendei nyuma ya mgongo."

"So-dam, usi—"

"Mama mdogo," akanigeukia. Na yeye aliniita hivyo hivyo, kwa kuwa rafiki yake aliniita hivyo. "Hae-in anataka kujiua. Ameniambia leo shambani. Usimwache peke yake, tafadhali. Mimi sijui la kufanya."

Kijiko kilimponyoka Hae-in. Hae-in alisimama, uso mweupe kama unga. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwake. "Msaliti! Nilikuamini wewe! Wewe peke yako!" Akamrushia zile spika zikampata kifuani. So-dam hakukwepa. Alisimama mlangoni, mikono imeshika fremu huku na huku, analia kama mtoto mdogo, kamasi zinamtoka, na hakusogea.

"Nichukie," alikuwa anasema. "Nichukie tu. Hupiti."

Nilimkumbatia Hae-in kwa nguvu zangu zote mpaka akaacha kupigana, kisha nikampigia dada simu. Alikuja na koti lake jeupe la dukani. Nilipomweleza, kwanza alinikatalia.

"Ni uchovu tu. Wote wamechoka. Mtihani ukiisha—"

"Mama," So-dam akainama mpaka nywele zikafunika uso, "si mtihani. Wenzake wamemtenga tangu kiangazi, nilimkuta amejificha kwenye ngazi saa ya chakula. Hana mtu zaidi yangu."

Dada akamtazama juu hadi chini, kwa jicho lile la kumpima mtu. "Wewe ndiye yule binti wa Bang? Unashika nafasi ya ngapi darasani, wewe, hata uje kunifundisha mwanangu?"

"Natoka mwisho, mama. Sikufundishi. Nakuomba umuulize mwenyewe."

Nilitaka kumzaba dada yangu siku ile, Mungu anisamehe. Lakini neno lile la mwisho lilimfika. Akageuka. Akachuchumaa mbele ya mwanawe aliyekuwa amekaa sakafuni, akamuuliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wadogo, "Hae-in, ni kweli?"

Hae-in akaitikia kwa kichwa.

Dada akakaa chini pale pale, koti jeupe na yote, akamvutia kifuani. Hakusema juu ya masomo wala majirani. Alisema tu, "Mama yupo. Mama yupo," mara nyingi, mpaka supu ikapoa kwenye bakuli zote. So-dam aliondoka polepole bila kuaga.

Kesho yake walikwenda Daegu kwa daktari wa mambo hayo. Hae-in alilazwa kwa muda, akapewa dawa, akapata mwanamama wa kuzungumza naye kila wiki. Shule ikampa ruhusa, na mwalimu mshauri akawa anakuja nyumbani. Shemeji Sang-gil aliomba likizo ndefu, wakuu wake wakanung'unika, akaichukua hivyo hivyo. Alikuwa mtu asiyejua kuongea. Alichofanya ni kukarabati baiskeli mbili za zamani na kumwambia binti yake, "Twende mtoni." Walikuwa wanaendesha kandokando ya mto bila neno, siku baada ya siku. Mara moja akasimama, akavua kofia, akasema, "Baba hajui kuongea. Lakini wewe ukiongea, baba atasikiliza hata mwaka mzima." Hae-in akaanza kuongea.

Dada naye alijifunza kama mtu anayejifunza lugha ngeni. Mwanzoni aliponyamaza unaona kabisa anavyojizuia. Badala ya kuuliza alama akawa anauliza, "Leo ulicheka na nani?" Mara ya kwanza alivyouliza, Hae-in alimtazama kama mtu aliyepotea njia. Kazi yote ile ilifanywa na daktari, baba, mama, na Hae-in mwenyewe zaidi ya wote. Mimi nazungumzia mlango ulivyofunguliwa, na aliyeufungua aliulipia.

Kwa maana Hae-in hakumsamehe. Aliporudi shule baada ya likizo ya baridi, alimpita So-dam kama anavyopita nguzo ya umeme. Habari zilikuwa zimevuja, sijui kwa nani, na wale wasichana watatu walipata la kusema. "Ukitaka kutangaza siri, mpe So-dam. Redio Sangju!"

"Redio ya bure," So-dam aliwajibu, "na betri haziishi." Darasa likacheka, naye akacheka nao. Kisha akaja jikoni kwangu, akaniomba vitunguu vya kukata. Sikuwa na haja ya vitunguu. Nikampa.

"Vitunguu vyako vikali, mama mdogo," akasema, macho yanatiririka.

"Vikali kweli," nikamjibu.

"Anakula siku hizi?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala, mwanangu."

"Basi." Akafuta uso kwa kiwiko, akaendelea kukata.

Hakuwahi kuniomba nimpelekee salamu. Hakuwahi kusema "mwambie nilimwokoa." Mwaka mzima alikaa bwaloni kwenye meza ambayo Hae-in angeweza kuiona akitaka, kiti cha pembeni kikiwa wazi, akala na kelele zake kama kawaida. Watu wazima tunapenda kusema tungetoa roho zetu kwa ajili ya rafiki. Kumpoteza rafiki huku yeye yu hai, unamwona kila asubuhi anakugeuzia uso, na bado usijute, hilo nimemwona nalo binti huyu tu.

Kitu kimoja kilimsumbua: alikuwa ameapa kwa bibi yake. Mwishowe akamwendea, akapiga magoti, akakiri kwamba amevunja kiapo kilichobeba jina lake. Bibi alikuwa anachambua maharage.

"Yule msichana yu hai?"

"Yu hai, bibi."

"Basi umenitumia vizuri. Ukihitaji nitumie tena. Sogeza hilo beseni."

Bibi huyo alifariki mwishoni mwa vuli ya mwaka huohuo, mwili tu ulichoka. Wakamweka kwenye ukumbi wa maziko wa hospitali, picha yake katikati ya maua meupe, na So-dam kwa nguo nyeusi akapokea wageni bega kwa bega na baba yake. Jamaa walikuwa wachache. Baba mtu alikaa ameduwaa, na So-dam ndiye aliyekimbia huku na huku kuwapa watu supu ya nyama ya pilipili, viatu vya wageni akivipanga mwenyewe mlangoni.

Nilikwenda na dada na shemeji. Hatukumwambia Hae-in aje, tulimpa tu habari. Alikuja peke yake baadaye, na sare ya shule. Aliinama mbele ya picha mara mbili, paji la uso likagusa sakafu, akabaki chini muda mrefu kuliko desturi. Akainuka, akamwinamia So-dam. Kisha akavua koti, akachukua aproni kwenye msumari, akanyanyua trei.

"Meza ile ya pembeni hawajapata wali," akasema.

So-dam alikuwa hajatoa chozi siku nzima. Pale akafunguka. Alilia kwa ile sauti yake kubwa hadi watu wa ukumbi wa jirani wakachungulia, na Hae-in akaweka trei chini akamshika.

"Bado nimekukasirikia," Hae-in akasema. "Kidogo."

"Kasirika. Kasirika tu hata miaka hamsini. Mradi upo unakasirika."

"Kamasi zako zinaniingia shingoni."

"Vumilia."

Kutoka hapo hawakuachana tena, ingawa sitaki kukudanganya kwamba giza lile lilikwisha moja kwa moja. Lilimrudia Hae-in akiwa chuoni Cheongju, mwaka wa pili. Ila safari hiyo hakungoja mtu amgundue. Aliwapigia simu wazazi wake, kisha So-dam. Shemeji na dada walipofika walimkuta So-dam ameshafika na lori dogo la shamba, gam za kupeleka sokoni bado zimo nyuma, anamwambia mlinzi wa bweni kwamba hawezi kulihamisha lori kwa sababu ana mgonjwa, na kama anataka achukue kasha moja la matunda anyamaze. Hae-in alirudi kwa daktari, akapumzika muhula mmoja, akamaliza. Leo anatibu wanyama huko Gimcheon, na ng'ombe wanamsikiliza kuliko watu.

So-dam hakwenda chuo. Anaendesha shamba pamoja na baba yake, na kila vuli huajiri wasichana wa shule siku za Jumamosi. Wengi wao si wa kutundika gam hata kidogo, wanavunja vikonyo, wanachelewesha kazi. Wanatoka hapo wamecheka na wameshiba, na mmoja au wawili nimeona amewaleta mgahawani kwangu amewashika mkono, nami najua la kufanya: naweka maji jikoni na kuchukua simu.

Masika yaliyopita aliolewa na mfuga nyuki wa Mungyeong, kijana mpole asiyesema, maana ndani ya nyumba moja hawawezi kuongea wawili. Kwenye arusi zetu mama wa bibi arusi na mama wa bwana arusi hutangulia kuingia, wakawasha mishumaa mbele ya watu. Wiki kadhaa kabla, dada yangu alifunga safari hadi shambani kwa baba yake So-dam, amebeba kikapu cha pea. Alipiga magoti sebuleni. Akasema kuna siku alimuuliza mtoto wao anashika nafasi ya ngapi, na kwamba neno hilo limemkaa kooni. Akaomba, kama hawataona vibaya, awashe mshumaa ule mahali pa mama.

Mzee Bang alikohoa, akatazama dirishani, akamwita binti yake aje ajibu mwenyewe.

"Mama," So-dam akasema, "utavaa rangi gani? Maana mimi nimeshaona gauni moja la hanbok, la kijani, utapendeza mpaka watu wamsahau bibi arusi."

Siku ya arusi dada alipita katikati ya ukumbi na hanbok ya kijani, mkono katika mkono wa mama wa bwana arusi. Hae-in alikuwa amekaa safu ya mbele na baba yake. Kiberiti cha dada kilizimika mara ya kwanza. Mara ya pili mshumaa ukashika, na nyuma ya mlango, kabla hata hajaitwa kuingia, tukamsikia bibi arusi anacheka.